Ghala la Chuma Shambani: Kulinunua, Kulisimika na Kulitunza

Ghala la chuma ni jengo lenye mifupa ya chuma na ngozi ya bati. Mifupa ni nguzo, mihimili ya paa, papi na fito za kukazia. Ngozi ni mabati yanayofunika juu na pembeni. Kwa kawaida ndani hamna nguzo za katikati. Trekta huingia, lori hurudi nyuma hadi mlangoni, na magunia hupangwa popote bila kuzunguka kitu.

Katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma nchini Tanzania, na katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya, mahindi yalihifadhiwa kwa vizazi vingi kwenye vihenge vya fito, au darini juu ya moshi wa jiko. Kihenge kiliitosha familia iliyolima ekari mbili na kula ilichovuna. Hakimtoshi mkulima anayevuna magunia 300 na kutaka kusubiri bei ya Januari badala ya kuuza Julai, soko likiwa limefurika. Aidha, mdudu dumuzi, aliyeingia kutoka Amerika ya Kati na kuripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatoboi mahindi tu. Hutoboa pia miti na mbao za ghala lenyewe, akajificha humo hadi mavuno yajayo. Chuma hakimpi maficho. Mchwa hawakili, moto wa nyika haukiunguzi kama mbao, na panya hawezi kukitafuna. Hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulipopanua hifadhi yake kwa mkopo wa Poland, ulijenga vihenge vya chuma na maghala katika maeneo kama Makambako, Songea, Mbozi na Sumbawanga.

Hata hivyo, mnunuzi wa kawaida hutazama bati: rangi yake, mng'ao wake, bei yake kwa mita. Sehemu zinazoamua kama ghala litadumu miaka 30 au litang'olewa na dhoruba ya kwanza hazionekani jengo likishakamilika. Ni udongo ulio chini yake, zege lililofukiwa, fito nyembamba za msalaba na matundu ya hewa. Hizo ndizo gharama ambazo fundi wa bei rahisi huzipunguza kwanza, kwa kuwa mteja hazioni.

Bati lenyewe ni uvumbuzi wa karne ya 19. Mwaka 1829, mhandisi Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya kukunja karatasi ya chuma iwe na migongo. Karatasi bapa ya unene wa nusu milimita hulegea hata ikishikwa kwa mikono miwili. Ikipewa migongo, hubeba uzito wa mtu kati ya papi mbili. Miaka minane baadaye, huko Ufaransa, Stanislas Sorel alipata hataza ya kukipaka chuma zinki kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka. Zinki huliwa na kutu kabla ya chuma kilicho chini yake, na huendelea kukilinda hata pale palipochunika kidogo. Vita vikuu vya karne ya 20 ndivyo vilivyoonyesha jinsi majengo ya namna hii yanavyoweza kutengenezwa vipandevipande kiwandani na kuunganishwa popote: kibanda cha nusu duara cha Peter Norman Nissen mwaka 1916, kisha kile cha Quonset huko Marekani mwaka 1941. Ghala linalouzwa leo kama seti iliyokamilika, pamoja na bolti na michoro yake, limetokana na kazi hiyo.

Kabla ya kuuliza bei, ukubwa hupangwa kwa hesabu ya mzigo. Tani moja ya mahindi kwenye magunia huchukua takriban mita za ujazo 1.6. Mkulima wa ekari 10 anayepata magunia 20 ya kilo 100 kwa ekari ana tani 20, yaani mita za ujazo 32. Yakipangwa kwa kimo cha mita 2.5, yatakalia mita za mraba 13 tu. Ikiongezwa njia ya mita moja kuzunguka rundo, nafasi ya mizani, ya kupokelea na ya kupepetea, ghala la mita 6 kwa 8 linamtosha na kubaki. Ghala la mita 10 kwa 20, ambalo wengi hulitaja wanapoanza kuzungumza na mafundi, hubeba karibu magunia 2,000 likiwa na njia zake. Hayo ni mavuno ya ekari 100. Chama cha ushirika au mfanyabiashara wa nafaka analihitaji. Mkulima mmoja mmoja aghalabu hulijenga kwa fahari, kisha likakaa nusu tupu huku deni likimsubiri. Njia ya busara ni kujenga dogo lenye ncha moja inayoweza kufunguliwa na kurefushwa baadaye, jambo ambalo fremu za chuma zinaliruhusu iwapo mchoro ulilizingatia tangu mwanzo.

Baada ya ukubwa hufuata mahali. Ardhi ya mwinuko mdogo ni bora kuliko bondeni, kwa kuwa maji ya masika hayatuami. Udongo mweusi wa mbuga ndio wa kuogopwa kuliko mwingine wote. Ukinyonya maji huvimba, kiangazi husinyaa na kupasuka mipasuko inayomeza mguu wa mtu, na nguzo zilizosimama juu yake huinuka na kushuka kila mwaka hadi bolti zinalegea na sakafu inakatika. Panapokuwa hapana budi kujenga juu yake, udongo huo huchimbwa na kuondolewa hadi kufikia tabaka gumu, kisha shimo hujazwa moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Gharama hiyo inaweza kushinda bei ya mabati yote, kwa hiyo shimo la majaribio la kina cha mita moja na nusu huchimbwa kabla ya kulipa chochote.

Ghala hulazwa kwa urefu wake mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi badala ya ndefu. Barabara nayo ipimwe kwa macho ya dereva wa lori wakati wa mvua. Ghala ambalo gari halilifikii mwezi Februari, bei inapokuwa juu, limepoteza nusu ya faida yake.

Suala la ardhi na kibali hushughulikiwa mapema. Katika vijiji vya Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamwezesha mkulima kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na kujenga jengo la kudumu kwenye ardhi isiyo na hati wala mipaka iliyokubaliwa na majirani ni kujitafutia kesi. Ofisi ya ujenzi ya halmashauri ndiyo inayoulizwa kuhusu kibali. Nchini Kenya ni serikali ya kaunti, na makandarasi huko husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mwenye nia ya kuweka mazao ya watu wengine kwa mfumo wa stakabadhi ghalani anahitaji pia leseni ya mwendesha ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005 Tanzania au ya mwaka 2019 Kenya, na masharti ya leseni yanagusa hata sakafu na milango. Ni vyema ayajue kabla ya mchoro kuchorwa.

Mifupa ya ghala huja kwa namna kadhaa. Iliyo imara na ya gharama kubwa ni fremu ya vyuma vizito vyenye umbo la herufi I, nguzo na mhimili wa paa vikiungwa kwa bolti kuwa kitu kimoja. Hiyo hufaa kwa upana wa mita 12 na kuendelea. Kwa upana mdogo, kenchi zilizochomelewa kwa vyuma vya pembe au mabomba ya mraba juu ya nguzo za bomba hutosha, na fundi mzuri wa mjini anaweza kuzitengeneza karakanani. Kuna pia majengo ya tao yasiyo na fremu, ambayo bati nene lililokunjwa hujibeba lenyewe, lakini milango na matundu huyadhoofisha yakikatwa ovyo. Kontena la meli lililochakaa hutumiwa na wengi kama ghala la haraka. Kwa zana na vipuri linafaa sana. Kwa mahindi ni hatari, kwa sababu halipumui na mvuke wa mchana hugeuka maji usiku ndani yake.

Seti zinazoagizwa kutoka nje na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa zinaweza kuwa nzuri, ila mnunuzi adai michoro na hesabu za mhandisi kabla ya kulipa: jengo limekusudiwa kuhimili upepo wa kasi gani, na nguzo zinahitaji msingi wa ukubwa gani. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo mawili anauza vyuma tu. Karatasi hizo apewe mhandisi aliyesajiliwa azipitie. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na paa moja lililong'oka.

Jambo la upepo linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo lisiloeleweka zaidi. Watu wengi hudhani kazi ya msingi ni kuzuia jengo lisizame. Kwa ghala la chuma, ambalo ni jepesi mno, kazi kubwa ya msingi ni kulizuia lisipae. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kuelekea juu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde, una msukumo wa karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 200 likivutwa kwa nguvu ya kiasi hicho, jumla yake ni zaidi ya tani 11. Mabati ya paa hilohilo, yakiwa ya unene wa milimita 0.4, hayafiki tani moja; hata papi na mihimili vikijumlishwa, uzito wote bado ni mdogo kuliko mvuto huo. Mlango mkubwa ukiachwa wazi upande unaotoka upepo, hewa huingia na kusukuma paa kutoka ndani, na nguvu mbili hujumlishana. Kwa hiyo dhoruba ikitanda, kufunga milango ni sehemu ya ulinzi wa jengo.

Kinacholishikilia paa ni mnyororo: skrubu hushika bati kwenye papi, papi hushikwa na mhimili, mhimili na nguzo, nguzo na bolti za msingi, na bolti na uzito wa zege. Mnyororo huo hukatika pale pembamba zaidi. Zege lenye upana wa mita moja kwa mita moja na kina cha nusu mita lina uzito wa tani 1.2. Ghala la mita 10 kwa 20 lenye nguzo 10 likiwa na zege la namna hiyo chini ya kila nguzo lina tani 12 za kujizuia. Fundi anayependekeza kuchomeka nguzo kwenye vishimo vya kina cha sentimita 40 na kumimina karai mbili za zege anaokoa mifuko michache ya saruji na kuliweka jengo lote rehani.

Upepo pia husukuma jengo kutoka pembeni, na hapo ndipo fito za msalaba zinapofanya kazi. Ni nondo au vyuma vya pembe vinavyokatiza kutoka juu ya nguzo moja hadi chini ya nyingine, kwa umbo la herufi X, ukutani na kwenye paa, walau katika vyumba, yaani nafasi kati ya fremu na fremu, vya ncha zote mbili. Bila hizo, fremu zote zinaweza kulala upande mmoja kama kadi. Mafundi wengine huziondoa baadaye ili kupanua mlango; jambo hilo lisifanyike bila mhandisi.

Katika kuchagua bati, neno geji peke yake halitoshi. Namba inavyokuwa kubwa, bati huwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jepesi kuliko geji 28. Lakini wauzaji hawapimi sawasawa, na bati linaloitwa geji 30 duka moja laweza kuwa jembamba kuliko la duka la pili. Unene uulizwe kwa milimita, na upimwe kwa mikromita mbele ya mnunuzi. Bati la rangi hupimwa kwa kukumbuka kwamba rangi yenyewe inaongeza unene usiobeba kitu. Kwa paa la ghala, milimita 0.4 ni kiwango cha kuridhisha.

Muhimu sawa na unene ni tabaka la kinga. Alama Z275 humaanisha gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ambayo ni unene wa karibu maikroni 20 kila upande. Alama AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambamo aluminiamu ni asilimia 55. Mchanganyiko huu hudumu zaidi kuliko zinki tupu karibu katika mazingira yote, ila haupendi saruji mbichi wala samadi. Ukanda wa pwani, kama Tanga, Lindi na Mtwara ambako maghala ya korosho hupigwa na hewa ya chumvi, bati la kinga nyepesi huanza kutoboka baada ya miaka michache. Alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, itafutwe kwenye bati lenyewe, si kwenye tangazo la dukani.

Makadirio ya bei yanayofaa kulinganishwa ni yale yaliyochanganuliwa. Ankara kifani yenye mstari mmoja, "ghala mita 10 kwa 20", haimsaidii mtu. Iandikwe uzito wa chuma kwa kilo, unene wa kila chuma, aina na unene wa bati, ukubwa na idadi ya bolti, nani anajenga msingi, nani analipia usafiri na winchi, na kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya, imo au haimo. Bei mbili zinazotofautiana sana huwa zinatofautiana katika uzito wa chuma. Malipo yafuate hatua za kazi: msingi, fremu kusimama, bati kukamilika. Asilimia 5 hadi 10 hubaki mkononi mwa mteja hadi mvua za kwanza zipite, kwa sababu paa linalovuja hujulikana wakati huo tu.

Msimu wa ujenzi katika Nyanda za Juu Kusini ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Tatizo ni kwamba mahindi nayo huvunwa kati ya Mei na Agosti. Anayeanza kuchimba msingi Julai huku magunia yakiwa uani atamharakisha fundi, na zege litalipa. Wenye mipango hujenga kuanzia Agosti kwa ajili ya mavuno ya mwaka unaofuata. Trans Nzoia, ambako mavuno makuu ni Oktoba hadi Desemba, kiangazi cha Januari hadi Machi ndicho cha ujenzi.

Msingi hupimwa kwa kamba na vigingi. Pembe mraba hupatikana kwa kanuni ya tatu, nne, tano: mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na mshazari wake ukiwa mita tano kamili, pembe iko sawa. Kwa jengo zima, mishazari miwili lazima ilingane. Ghala la mita 10 kwa 20 lina mshazari wa mita 22.36. Tofauti ya sentimita tano hapa itakuwa bati lisilofika ukingo kule juu. Zege la misingi ya nguzo ni ndoo moja ya saruji kwa moja na nusu ya mchanga na tatu za kokoto, maji yakiwa ya kutosha kulainisha tu. Maji mengi hurahisisha kumimina na kulidhoofisha zege. Bolti za msingi, za milimita 16 au 20, hushikiliwa kwa kiolezo cha mbao au bamba lililotobolewa, ili zikae palepale zege linapomiminwa. Bolti iliyohama sentimita mbili husababisha tundu kupanuliwa kwa moto, na nguvu yake huisha hapo. Zege humwagiwa maji kwa siku saba, na fremu nzito hazisimamishwi juu yake kabla halijakomaa. Nguvu yake kamili ya usanifu huhesabiwa siku ya 28.

Sakafu ni kazi ya pekee. Magunia yaliyopangwa hadi mita tatu hukandamiza kwa karibu tani mbili kila mita ya mraba, mzigo unaozidi kwa mbali ule wa sakafu ya nyumba. Mawe na moramu hushindiliwa vizuri, juu yake hutandikwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini, kisha zege la sentimita 10 hadi 15 lenye wavu wa chuma. Nailoni hiyo hugharimu kidogo sana, na kuisahau ni kuoza kwa tabaka la chini la magunia kila mwaka. Usawa wa sakafu uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 walau.

Fremu husimamishwa asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza. Fremu mbili za mwanzo, zile za chumba cha ncha chenye fito za msalaba, huinuliwa, hufungwa kwa kamba za muda kila upande na kukazwa fito zake kabla fremu ya tatu haijaguswa. Hatua hii ikirukwa ndipo ajali hutokea: fremu zinasimama kwa bolti za chini pekee, upepo unakuja, zinaanguka moja baada ya nyingine na mafundi wakiwa juu. Kenchi nyepesi hupandishwa kwa kapi na kamba. Mihimili mizito huhitaji winchi. Bolti hukazwa kwa mkono kwanza, nguzo zinanyooshwa kwa timazi, na ndipo bolti hukazwa kabisa. Pale panapochomelewa, moto huunguza zinki, kwa hiyo kila kiungo husuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi yenye zinki. Chuma cheusi husafishwa magamba yake yote kabla ya rangi ya kuzuia kutu. Rangi iliyopakwa juu ya magamba hubanduka nayo.

Mabati hayalazwi chini yakiwa yamebanana na kulowa, kwani hutoa unga mweupe unaokula kinga kabla hata hayajapanda juu. Upangaji huanzia ncha iliyo mbali na upepo mkuu, ili mapindano yaelekee upande usiopigwa. Mahali ambapo upepo mwingi hutoka kusini mashariki, kazi huanza kaskazini magharibi. Skrubu zenye washa ya mpira hupigwa kwenye mgongo wa bati, maji yakipita bondeni, na hukazwa hadi mpira ubanwe kidogo bila kupasuka. Kingoni, pembeni na kwenye kofia ya paa skrubu huongezwa, kwa sababu hapo ndipo upepo huvuta kwa nguvu zaidi. Kukata bati kwa grinda kunapaswa kukatazwa kabisa. Cheche zake huganda juu ya bati na kila moja huwa doa la kutu. Mkasi wa bati hufanya kazi ileile kwa usafi. Vumbi la chuma lililotokana na kutoboa hufagiliwa siku hiyohiyo.

Ghala likishakamilika, adui mpya ni hewa iliyofungiwa. Mchana paa hupata moto mkali. Usiku, hasa Njombe na Makete kwenye baridi, bati hupoa haraka, na mvuke uliopanda kutoka kwenye nafaka hugeuka matone chini yake na kudondoka juu ya magunia. Wakulima husema bati linatoa jasho. Dawa yake ni matundu chini ya kuta na mengine juu kwenye kofia, ili hewa moto itoke na ya baridi iingie, yote yakiwa na wavu wa matundu yasiyozidi milimita 6 dhidi ya panya na ndege, na vifuniko vya kufunga siku za ukungu. Mwenye uwezo huweka kitambaa cha kukinga joto chini ya bati kabla ya kulipigilia. Baada ya hapo ni vigumu.

Lakini hakuna tundu linalokausha mahindi mabichi. Nafaka iingie ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Pasipo na kipima unyevu, mahindi hutikiswa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu na kujaa sumu yake, sumukuvu, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu wapatao 20 katikati ya Tanzania, Dodoma na Manyara. Ghala la gharama kubwa lililojazwa mahindi mabichi huivundika sumu hiyo kwa wingi zaidi kuliko kihenge.

Magunia hupangwa juu ya chaga, mita moja kutoka ukutani. Nafasi hiyo ni ya kukagua, kufagia na kupitisha hewa, na pia huokoa kuta: bati la pembeni limetengenezwa kuzuia mvua na upepo, wala haliwezi kubeba rundo la magunia lililoegemezwa, sembuse nafaka iliyomwagwa. Kwa kuwa jengo la mabati huvuja gesi kila kiungo, kufukiza kwa fosfini ghala zima ni kupoteza dawa na kuhatarisha watu. Rundo hufunikwa kwa turubai lililobanwa chini, na kazi hufanywa na mtu mwenye kibali. Mbolea ihifadhiwe chumba kingine kabisa. Chumvi zake huvuta unyevu na kula miguu ya nguzo kuanzia chini.

Paa la ghala pia ni shamba la maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 200 mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka hupokea lita 180,000, na hata ikipotea sehemu ya tano, lita 144,000 zinabaki za mifugo, bustani na kazi za nyumbani. Gata na tangi vikijengwa pamoja na ghala hugharimu kidogo kuliko vikiongezwa baadaye, na huondoa maji yanayochimba msingi. Maeneo ya radi nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria, nguzo huunganishwa na fimbo za chuma zilizozamishwa ardhini ili umeme wa radi upate njia.

Utunzaji wa ghala ni mdogo na hauna budi kufanywa kila mwaka kabla ya mvua: kukaza skrubu zilizolegea, kubadilisha washa zilizokauka, kusugua na kupaka rangi penye kutu, kuzibua gata, kukata majani yaliyogusa bati na kuangalia bolti za msingi. Fremu iliyoungwa kwa bolti ina faida moja zaidi. Ardhi ikiuzwa au familia ikihama, inaweza kufunguliwa kipande kwa kipande, kila chuma kikiandikwa namba yake, na kusimikwa upya kwenye msingi mwingine. Kinachobaki nyuma ni zege na sakafu.